Haki ya Njia

Tangu bomba la mafuta la kilomita 1,443 kutoka Hoima lielekezwe Chongoleani, viwanja vya Tanga vinagombewa. Huku kwetu Kange, kila likitajwa eneo la kujenga nyumba mpya, majirani huuliza: magari yote hayo yatapita wapi?

Kwangu hilo ni suala la imani. Mtume alifundisha kwamba kuondoa udhia njiani ni tawi la imani. Basi anayeuleta udhia huo ana hukumu gani?

Asubuhi humwona bibi mmoja, beseni la maandazi kichwani, amekwama ukingoni mwa mtaro huku bodaboda na malori yakimpita. Mgeni simkatai; naye anahitaji kujisitiri. Lakini ramani isiyomwachia bibi huyu pa kupita ni dhuluma, hata ikigongwa mihuri yote.