Picha Kwanza, Salamu Baadaye?
Majuzi tulipanda kwa miguu kutoka Lushoto hadi Irente, pale milima ya Usambara inapokatika ghafla na nyika kuonekana chini mbali. Tulikula mkate na jibini ya huko, tukafurahi. Wala furaha hiyo si dhambi. Ndipo akapita mama mmoja na mzigo wa kuni, nasi, kinywa kimejaa, tukainua simu tumpige picha kabla ya kumwamkia, ati anapendezesha mandhari! Akageuza uso. Je, tulimwibia kitu? Twaona ndiyo. Mlima hauoni haya ukitazamwa, mtu huona. Tungalimwamkia, tukampokea mzigo, tukamkaribisha mkate, huenda angalikubali. Picha tumeifuta, mama yule hatukumpata tena tumwombe radhi.