Imani, Sindano na Ushahidi wa Kipimo

Makanisani Kericho na Bomet, ushuhuda wa mtu aliyeponywa kisukari hutolewa pamoja na ule wa mavuno na wa mtoto aliyefaulu mtihani. Ushuhuda huo huacha swali linalowarudia wachungaji, wauguzi na wagonjwa wenyewe: anayeamini kwamba Mungu amemponya aendelee kujidunga insulini, au sindano hiyo inaikana imani yake? Na akiiacha, ni nini kitakachothibitisha kwamba amepona?

Nchi hiyo ya chai ina jibu la siku nyingi. Hospitali ya Tenwek, karibu na mji wa Bomet, ilianzishwa na wamisionari katika miaka ya 1930, na kaulimbiu yake hutaja kazi mbili: wahudumu hutibu, Yesu huponya. Haisemi kwamba ya kwanza ikome ya pili inapoanza. Maandiko nayo huziweka pamoja. Isaya alimtangazia mfalme Hezekia kwamba atapona, lakini dawa ya tini ikawekwa juu ya jipu lake. Yoshua bin Sira, kitabu kilichomo katika Biblia ya Wakatoliki, humhesabu tabibu kuwa ametoka kwa Mungu.

Insulini yenyewe huliweka swali hili mahali pengine. Ni homoni inayotengenezwa na kongosho ili sukari itoke kwenye damu na kuingia katika seli. Kwa mwenye kisukari cha aina ya kwanza, kinga ya mwili imeziharibu seli zinazoitengeneza. Anapojidunga, anarudishiwa kile ambacho kila mwili mzima hujitengenezea saa zote. Kabla ya 1922, mwaka ambao kijana Leonard Thompson alidungwa insulini huko Toronto, watoto wenye ugonjwa huu walikufa baada ya miezi au miaka michache, na hapana shaka wengi wao waliombewa kwa machozi. Ni vigumu kuamini kwamba walionusurika baadaye kwa insulini walikuwa na imani haba kuliko wao.

Kipimo ndicho shahidi, lakini lazima kijulikane kinashuhudia nini. Mashine ndogo ya kuchoma kidole huonyesha sukari ya dakika ile tu, kwa milimoli katika lita ya damu. Kabla ya kula, wagonjwa wengi hulenga kati ya 4 na 7, na saa mbili baada ya chakula isizidi 10. Chini ya 3.9 imeshuka mno: jasho, kutetemeka, kuchanganyikiwa, hata kuzirai. Kidole chenye mabaki ya chai ya sukari hutoa namba ya uongo, kwa hiyo mikono huoshwa na kukaushwa kwanza. Kipimo cha HbA1c hueleza wastani wa miezi miwili au mitatu, na hakibadilishwi na siku moja ya kujinyima.

Basi mtu akisoma 5.8 asubuhi baada ya kuombewa, huku jana usiku alijidunga, namba hiyo inathibitisha kwamba insulini inafanya kazi. Haiwezi kuthibitisha kwamba haihitajiki. Jambo gumu zaidi ni kwamba katika aina ya kwanza, wiki chache baada ya matibabu kuanza, kongosho la wagonjwa wengi hupata nafuu ya muda. Dozi hupungua sana, wakati mwingine kwa miezi. Anayesimama kanisani kipindi hicho hadanganyi, maana namba zake ni nzuri kweli. Lakini nafuu hiyo hupita, na aliyetupa sindano huweza kujazwa na asidi za ketoni damuni, akaanza kutapika na kupumua kwa kasi, akafa ndani ya siku chache asipofikishwa hospitali.

Uponyaji wa kweli haungehitaji jaribio la namna hiyo. Mwili ukianza tena kujitengenezea insulini, dozi ileile ya kila siku itashusha sukari kupita kiasi, mashine itaonyesha, na daktari ataipunguza hatua kwa hatua. Wapo wenye aina ya pili ambao, wakipungua uzito, huachishwa insulini kwa njia hiyo. Kuendelea na dozi huku mtu akipima hakumzuii Mungu chochote. Kuiacha ghafla ili aone kama Mungu atatenda kunafanana na lile jaribu la kujitupa kutoka kinara cha hekalu, ambalo Yesu alilikataa.

Kufunga na kuomba ni suala la karibu, na hapa aina ya insulini ndiyo huamua. Ile ya haraka, au ile angavu inayodungwa nusu saa kabla ya chakula, hufuata mlo. Mlo usipokuwepo, dozi yake ya mlo huachwa. Ile ya muda mrefu kama glargine hufanya kazi takriban saa 24, na mwenye aina ya kwanza haiachi hata asipokula, kwa kuwa ini huendelea kumwaga sukari. Daktari huweza kuipunguza tu. Insulini ya mchanganyiko wa 30 kwa 70, inayotumika sana katika hospitali za umma, haitenganishiki. Aliyejidunga saa moja asubuhi ameshajiwekea deni la chakula cha mchana, awe yuko kwenye maombi au anachuma chai kwa malipo ya kilo. Mchumaji wa namna hii hubeba sukari au soda mfukoni na hali kwa kuchelewa.

Qur'ani inamruhusu mgonjwa asifunge Ramadhani, azilipe siku baadaye, au alishe maskini kama hawezi kabisa. Mwongozo wa kitabibu kwa Waislamu wanaofunga husema saumu ivunjwe mara sukari inaposhuka chini ya 3.9 au kuzidi 16.6, na kwamba kuchoma kidole hakubatilishi saumu. Mipaka hiyo inamfaa pia Mkristo aliye katika mfungo wa kanisa lake, mradi amemwona daktari kabla ya mfungo kuanza na mchungaji wake anajua kwamba siku yoyote anaweza kulazimika kula.