Mji Kasoro Bahari

Yako maswali ambayo watu huyaona mepesi mno kuwekwa mbele ya msomaji mtu mzima, nayo yakichunguzwa vema huonekana kuwa na uzito usiotazamiwa. Mojawapo ni hili: mume na mke wakijaliwa siku mbili tatu za kupumzika pamoja, mbali na kazi na watoto, waende wapi? Mwingine atasema hilo ni shauri la mfuko tu. Mwenye nacho aende mbali, asiye nacho akae nyumbani. Sisi twaona kuwa sivyo. Mahali wanapopachagua wawili hao, na zaidi ya hapo namna wanavyopachagua, hudhihirisha jinsi kila mmoja amwonavyo mwenziwe. Ndiyo sababu twalileta swali hili hapa, na kulipima kwa mfano wa mji unaojulikana na wengi, yaani Morogoro, ulio chini ya milima ya Uluguru.

Kwanza hatuna budi kuwajibu wale wasemao kwamba swali lenyewe halistahili kuulizwa. Ada ya shule yangojea, mzazi mgonjwa yuko kijijini, paa lavuja. Itakuwaje basi mume na mke watumie fedha kwa ajili ya raha yao wawili? Hoja hii haifai kudharauliwa, kwa maana imetoka katika moyo wa wajibu. Lakini tuitazame desturi yetu wenyewe. Kijana akitaka kuoa, kamati huundwa, kadi za michango husambazwa, na ndugu na marafiki hujikamua kwa miezi mingi ili ukumbi upambwe, magari yapangwe na watu wale washibe. Yote hayo ni kwa ajili ya siku moja. Siku hiyo ikipita, kamati huvunjwa, na kwa miaka 20 ifuatayo hakuna aulizaye kama wale wawili wapata hata saa moja ya kuzungumza pasipo kukatizwa.

Wazee wa Pwani walikuwa na busara yao katika jambo hili. Baada ya arusi maarusi walipewa fungate, nayo ni siku 7 za kukaa faraghani huku wengine wakiwapikia na kuwatumikia. Lakini hata fungate hutolewa mara moja, tena mwanzoni, wakati ambapo wawili hao hawajachoka bado. Ni nani atakayewapa fungate katika mwaka wa 15 wa ndoa, watoto wakiwa wanne, mume arudipo usiku na mke aamkapo alfajiri? Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 humpa mwajiriwa likizo ya siku 28 kwa mwaka; lakini twajua likizo hizo huishia wapi. Huishia katika kujenga, kuuguza na kuhudhuria misiba. Mkulima, mama lishe na mke wa nyumbani hawana hata hizo.

Basi jibu letu ni hili. Fedha iliyo haki ya mtu mwingine isiguswe: ada ni ada, dawa ni dawa, deni ni deni. Lakini kilichobaki, hata kikiwa kidogo, kikitumika kuwapatanisha mume na mke, hakikupotea. Watoto huishi ndani ya mapatano ya wazazi wao kama waishivyo ndani ya nyumba. Ukuta huo ukipasuka, ada iliyolipwa haiwafichi na baridi.

Tukiisha kukubali hayo, swali la mahali larudi. Twaona makosa mawili yafanywayo na watu wema bila kukusudia ubaya.

Kosa la kwanza ni kupachagua mahali kwa ajili ya macho ya watu. Siku hizi picha ya hoteli iliyo kando ya bahari husafiri kwa simu kabla wenyewe hawajafungua masanduku yao. Wako waliokopa ili wapate picha hiyo, tena kwa ile mikopo ambayo wananchi wameipa jina la “kausha damu”. Siku tatu za tabasamu hulipwa kwa miezi mingi ya ugomvi, na ugomvi huo hauna mpiga picha. Wahenga walisema, chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Ndoa iliyo njema haina haja ya kutembezwa, na wawili waliokwenda ili waonekane hawakuwa peke yao kamwe; walikwenda na umati mzima mfukoni.

Kosa la pili ni la mmoja kuchagua peke yake. Mara nyingi ni mume, naye husema, “Fedha ni yangu, nami nampeleka mahali pazuri, ana la kulalamikia gani?” Fedha si yake peke yake. Mwaka 1983, katika shauri la Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu, Mahakama ya Rufani ya Tanzania ilitambua ya kwamba kazi za mke nyumbani ni mchango katika kuchuma mali ya ndoa. Majaji walilisema hilo ndoa ilipokuwa imekwisha kuvunjika na mali inagawanywa. Lakini ingefaa mume alijue mapema, ndoa ingali hai. Aliyechangia kuchuma ana neno katika kutumia. Tena mume akitangaza safari kama atangazavyo bwana shauri, mke ndiye atakayetafuta wa kukaa na watoto, kufua, kufunga mizigo na kupika cha njiani. Huko nako, kama wamefikia mahali pa kujipikia, yeye ndiye atakayeshika sufuria. Hapo amepumzika mmoja, na mwingine amehamishiwa jiko.

Kwa hiyo, kabla ya kuuliza kama mahali ni pazuri, yafaa wawili waulizane: Je, huko tuendako, yuko kati yetu atakayebaki kuwa mtumishi wa mwenziwe? Je, tutapata nafasi ya kuzungumza, au tutakuwa watazamaji tu? Na yule aliye dhaifu kati yetu, mwenye magoti mabovu au mfuko mwembamba au hofu ya maji, ataweza kufurahi?

Sasa tuitazame Morogoro kwa maswali hayo. Kutoka Dar es Salaam ni kama kilomita 190. Tangu tarehe 14 Juni 2024 treni ya umeme ya reli ya SGR imekuwa ikiwafikisha wasafiri huko katika muda usiotimia saa mbili, na ilipoanza, nauli ya daraja la kawaida ilikuwa shilingi 13,000 kwa mtu mzima. Hili ni jambo kubwa kwa mwenye siku mbili tu, kwa sababu safari isiyokula mapumziko ni nusu ya mapumziko. Ukishuka, Uluguru uko mbele yako, umejifunika ukungu asubuhi na kujifunua kadiri jua lipandavyo. Vilele vya Lupanga na Bondwa vilivyo juu ya mji vina zaidi ya mita 2,100, na kilele cha Kimhandu, upande wa kusini, chapita mita 2,600. Msitu wa juu umekuwa Hifadhi ya Mazingira Asilia tangu mwaka 2008, na ndani yake yuko aina ya ndege chozi asiyepatikana mahali pengine popote duniani.

Anayependa kutembea atapanda hadi Morningside, kwenye jengo la zamani la Wajerumani, akipita mashamba na vijito vya maji baridi. Aendaye juu zaidi, msituni, sharti apate kibali cha Wakala wa Huduma za Misitu na mtu wa kumwongoza njia. Asiyeweza kupanda hatapungukiwa. Gari laweza kumpeleka Mgeta, kwa njia iachayo barabara kuu ya Iringa, mahali ambapo kabichi, njegere na viazi hulimwa katika miteremko inayoshangaza macho, na sweta huhitajika jioni. Miezi ya masika, Machi hadi Mei, haifai kwa wageni wa njia hizo kwa sababu ya utelezi. Nyumba za kulala wageni ziko mjini za kila bei, na chakula hupikwa na mwingine.

Zaidi ya hayo, njia ya mlima ina fundisho lake. Ni nyembamba, na wawili hawawezi kuipita bega kwa bega. Mmoja hutangulia na mwingine hufuata. Mwenye nguvu akitangulia kwa mwendo wake, baada ya muda mfupi atakuwa peke yake, na atafika mapema mahali pasipo na mtu wa kuzungumza naye. Akikubali kwenda kwa mwendo wa mwenziwe, watafika wote. Wapo waume ambao kwa miaka 10 hawakuwahi kujua mke wao huchoka wapi, mpaka walipopanda naye kilima.

Na ulipo uzuri huo, papo hapo pana kasoro. Wenyeji wenyewe wameupa mji wao jina la utani, wanauita “Mji Kasoro Bahari”, kana kwamba kusema: tunacho kila kitu ila bahari. Twaomba msomaji alitafakari jina hilo. Ni majigambo, lakini ni majigambo ya namna yake, maana yanakiri upungufu kwa kinywa chake chenyewe na hayauonei haya. Mtu aendaye Morogoro akinung’unikia mawimbi, kosa si la Morogoro. Lakini aendaye akijua kisichokuwapo, huanza kuona kilichopo.

Hapo ndipo lilipo neno letu kuu juu ya kuchagua mahali. Anayetafuta mahali pasipo upungufu atahama kutoka hoteli hadi hoteli, na kila mara atarudi akisema kwamba pale pengine pangalikuwa bora. Desturi hiyo ya moyo haiishi katika mambo ya hoteli. Mume aliyejizoeza kuhesabu kisichokuwapo humhesabia mkewe vivyo hivyo. Na mke naye humlinganisha mumewe na wanaume wa picha. Kila mwenzi ni mji kasoro bahari. Mmoja ni mwaminifu, mchapakazi, mpole, ila hajui kusema neno la upendo. Mwingine ni mchangamfu na mkarimu, ila hana akiba. Ndoa haikuahidi bahari. Iliahidi kwamba wawili watapanga kukaa katika mji huo, na kuujua vijito vyake.

Hatusemi kwamba kwenda Unguja ni kosa, wala kwamba asiyekwenda Morogoro amepotea. Kila mkoa una Morogoro yake: wa Tanga wana Lushoto, wa Mwanza wana Ukerewe, wa Mbeya wana Tukuyu. Wala hatusemi kwamba ukungu wa mlimani huponya kila jeraha. Mahali penye kipigo au usaliti pahitaji haki, toba na msaada wa watu wazima. Kumpeleka mke aliyepigwa akatazame maporomoko ya maji ni kumfunga mdomo kwa zawadi.

Yako pia haki ya wenyeji. Wawili wapandao mlima kwa raha watakutana na mama wa Kiluguru ashukaye na tenga la ndizi au mboga kichwani, akienda sokoni. Njia ni moja, lakini kwake yeye mlima ni kazi. Yafaa mgeni ampishe, amsalimu kwanza, asimpige picha bila ruhusa, na anunue bidhaa yake pasipo kuibana bei mpaka ipoteze maana. Mgeni kutoka Dar es Salaam akumbuke tena kwamba maji anayooga nyumbani yametoka huko juu, kwa kuwa Mto Ruvu hupata maji yake katika Uluguru. Na mwishoni mwa mwaka 2022, ukame ulipoupunguza mto huo, jiji lilipewa maji kwa zamu. Hivyo haendi kwa watu wasiomhusu. Anakwenda kwa watu ambao mwenendo wa mashamba na misitu yao humfikia bombani kila asubuhi.

Na yule mama mwenye tenga, na mumewe aliyebaki shambani, wao wapumzike wapi? Swali hili latupasa tusilikwepe. Pengine kwao mapumziko ni kushuka pamoja mjini siku isiyo ya soko, pasipo mzigo, wakanywa chai katika mkahawa na kurudi jioni. Gharama yake ni ndogo kuliko mchango mmoja wa arusi. Lakini iwapo mume atasema, “Leo tushuke wote, na tenga libaki nyumbani,” amefanya jambo lile lile tunalolisema tangu mwanzo: amemwona mkewe kuwa mwenzi kabla ya kuwa mikono.

Basi, enyi mume na mke msomao haya, msingoje utajiri. Kaeni pamoja, mhesabu kwanza vya watu, kisha mtazame kilichobaki. Kila mmoja ataje mahali pake pasipo kuchekwa. Aliye kimya kati yenu ndiye aulizwe mara mbili. Mkiisha kuchagua, mahali popote mtakapochagua, acheni nyumbani hesabu ya vile ambavyo havipo huko, mchukue sweta, na mwende kwa mwendo wa yule aendaye polepole.