Elimu ya Jamii na Hatia ya Mtu



Kijana anapomaliza sekondari na kusema anataka kusoma sosiolojia, wazazi huuliza: «Ni kazi gani hiyo?» Mganga tunamjua, mwalimu tunamjua. Huyu atatibu nini? Swali hilo ni la haki. Kwa miaka mingi katika inchi yetu ya Kongo graduat ilidai miaka 3 ya kusoma, na feza yake hutoka katika jasho la jamaa nzima. Lakini liko swali lingine, zito zaidi, nalo tunataka kulitazama leo.

Sosiolojia ni elimu ya maisha ya watu wakaao pamoja. Mwaka 1897 Mfaransa Émile Durkheim alitoa kitabu juu ya watu wanaojiua. Aliona jambo la kushangaza: kila mmoja hufa kwa huzuni yake mwenyewe, lakini hesabu ya vifo hivyo katika kila inchi ya Ulaya ilibadilika kidogo tu toka mwaka hata mwaka. Basi sababu haimo katika moyo wa mtu peke yake. Imo pia katika namna watu walivyofungamana au walivyoachana.

Mwanafunzi akisikia hayo, mara nyingine hufurahi upesi na kusema: «Basi hakuna mwenye hatia, ni jamii tu!» Mwizi, ni jamii. Baba aliyetupa watoto wake, ni jamii. Je, ni kweli?

Sisi twasema: hapana. Tutwae mfano wa kwetu. Kijana anakaa na binti bila ndoa. Majirani humlaumu, na maneno yakaisha hapo. Mwanafunzi mwema huuliza: mahari waliyoomba ni kiasi gani? Kisha huuliza hivyo hivyo katika nyumba nyingine za mtaa. Akikuta vijana wengi wamekwama mahali pale pale, ajua kwamba neno hili si la mtu mmoja.

Je, kijana amekuwa bila hatia? La. Binti yule na mtoto wao wangali mikononi mwake. Lakini sasa baba aliyepandisha mahari ameitwa naye, na wajomba walionyamaza, na sisi majirani tulioona mambo hayo miaka yote tukacheka.

Maana yake nini? Elimu hiyo haifuti hatia. Inaonyesha wale waliojificha nyuma ya mkosaji mmoja. Mwenye kusema «ni jamii» akumbuke kwamba jamii ni yeye pia.

Basi, enyi wazazi, mtoto akirudi likizoni msimwulize tu atapata kazi gani. Mwulizeni: «Umeona nini katika mtaa wetu, na sehemu yetu ni ipi?» Akijibu kwa kweli, hata akitutaja sisi wenyewe, feza yetu haikupotea.