Je, Yafaa Kushindwa kwa Makusudi?

Mtu akiiba twamjua mwizi, na uwongo ukisemwa twaujua ulimi uliousema. Lakini je, yawezekana watu wakafanya kazi yao kwa uaminifu, kila mmoja mahali pake, na kazi hiyo kwa jumla ikawa udanganyifu? Swali hili laweza kuonekana kuwa la wanafalsafa tu, kumbe watu wa kawaida wameliona kwa macho yao katika mpira wa kikapu wa Marekani.

Katika ligi yao kuu, yaani NBA, timu huchagua kila mwaka vijana wapya walio hodari. Ili timu dhaifu zisibaki dhaifu daima, zile zilizofungwa sana hupewa nafasi bora ya kutangulia kuchagua. Makusudi ya kanuni hiyo ni mema. Ni huruma kwa mnyonge. Lakini penye sadaka hapakosi mwenye miguu mizima ajifanyaye kiwete. Baadhi ya wakuu wa timu waliona kwamba aliye katikati, asiye bingwa wala wa mwisho, hapati kitu, na kwamba kufungwa sana kuna faida. Mwaka 1985 ligi ikaanza kupiga kura kati ya timu za chini, ili kushika mkia kusiwe hakika ya kupata. Dawa haikutosha. Timu ya Philadelphia ilifungwa mechi 26 mfululizo katika msimu wa 2013–14, na katika msimu wa 2015–16 ilishinda mechi 10 tu kati ya 82. Hiyo haikuwa ajali: wachezaji wazuri walikuwa wametolewa ili kupata haki ya kuchagua vijana wa miaka ya mbele. Mwaka 2019 timu ya mwisho kabisa, iliyokuwa na asilimia 25 ya kupata chaguo la kwanza, ilipunguziwa hadi 14.

Watetezi wa jambo hili husema: mkulima hupumzisha shamba lake ili livune vizuri baadaye, kosa li wapi? Tena hakuna mchezaji aliyeambiwa akose kikapu. Hoja hii ina nguvu wala haifai kudharauliwa. Lakini mkulima aliyelipumzisha shamba haendi sokoni kuuza mahindi ya shamba lile lile. Timu hizi ziliendelea kuuza tiketi. Na mwenye kununua tiketi hanunui ushindi, kwani hakuna awezaye kumuuzia. Anunua ahadi moja tu, kwamba pande zote mbili zataka kushinda.

Tazama yaliyotokea Dallas tarehe 7 Aprili 2023. Timu hiyo ilikuwa bado na tumaini la kuendelea na mashindano. Lakini ilikuwa pia na deni: chaguo lake la mwaka ule lilikuwa limeahidiwa timu ya New York, ila kwa sharti kwamba likiangukia katika kumi ya kwanza, Dallas ingebaki nalo na deni lingeahirishwa. Basi wakubwa wakaona heri kufungwa. Kyrie Irving na wenziwe kadhaa hawakuchezeshwa. Luka Dončić alicheza muda mfupi, akatolewa. Chicago wakashinda kwa 115 dhidi ya 112. Ligi ilichunguza, ikaitoza Dallas faini ya dola 750,000. Lakini ligi hiyo hiyo ilisema kwamba haikuona kuwa wale walioingia uwanjani hawakucheza ili washinde.

Mimi naona jibu la swali letu limo katika maneno hayo. Fikiri juu ya kijana wa benchi aliyepewa nafasi usiku ule. Yeye amekesha akiiomba nafasi hiyo. Anakimbia, anatoka jasho, anajitupa chini kuufuata mpira. Hajui, au anajua na kunyamaza, kwamba amewekwa pale kwa sababu hatarajiwi kutosha. Akifunga kikapu cha ushindi, aliyemwajiri atahuzunika. Uaminifu wake ndio pazia walilojifichia wenye hila, mtu akiwashitaki, wao humwonyesha jasho lake na kusema, "Je, huyu hakujitahidi?" Basi kijana huyo si mshirika wa udanganyifu, bali ni wa kwanza kudhulumiwa, hata kabla ya mwenye tiketi.

Wengine watasema kwamba mwisho ulikuwa mwema. Ni kweli kwamba Dallas walibaki na chaguo lao, wakalibadilisha, wakampata Dereck Lively, na mwezi Juni 2024 wakafika fainali pamoja naye, wakafungwa na Boston. Hata New York walilipwa chaguo lao mwaka ule wa 2024. Lakini kama matunda ndiyo hakimu, Philadelphia twawahukumuje, ambao fainali yao ya mwisho ni ya mwaka 2001? Tendo lilikuwa moja. Kura na bahati ndizo zilizotofautiana. Aliyelipima kwa matunda hana budi kuliita tendo lile lile jema hapa na baya kule.

Linabaki jambo la kocha, nalo ni zito zaidi. Mchezaji aweza kutojua. Kocha ajua kwa nini nyota wake ameketi na nguo za nyumbani. Ameajiriwa, ana watoto, na amri imetoka juu. Sithubutu kumwita mwongo. Lakini anaposimama mbele ya wale vijana kabla ya mechi na kuwaambia, "Nendeni mkashinde," yapasa ajiulize maneno hayo anayatamka kwa niaba ya nani.