Ng'ombe wa Mchuuzi wa Dagaa

Mchuuzi mmoja wa dagaa wa mwalo wa Kibirizi alichoka kubahatisha ziwani, akanunua ng'ombe wa maziwa na kumfuga uani kwake Ujiji. Uzazi wa kwanza ulimpa wateja mtaa mzima. Wa pili uliingia kasoro: ndama alizaliwa jioni, na kulipokucha kondo la nyuma lilikuwa lingali linaning'inia.

Jirani yake, bibi wa Kiha aliyekulia zizini, akamwonya: "Baba, hilo usilivute. Mwite bwana mifugo."

"Bibi, wateja wakimwona bwana mifugo hapa, maziwa yangu atanunua nani?"

Akafunga lango, akavuta kwa mikono mitupu. Likakatika.

Kondo hushikamana na mji wa mimba kwa vifundo vingi, na kwa kawaida huachia lenyewe ndani ya saa 12. Likilazimishwa, huchubua mji huo na kuacha vipande ndani. Vipande huoza, bakteria wakastawi. Siku chache baadaye ng'ombe akashikwa na homa, akasusa majani, akawa anatokwa na uchafu unaonuka. Mwenyewe aliosha mkia alfajiri, kabla wateja hawajabisha hodi.

Homa ilipotulia, akaazima dume. Kila baada ya siku 21 hivi ng'ombe akarudi kwenye joto. Akalaumu dume, akaazima jingine; kisha akasema ng'ombe ni tasa. Maziwa yakakauka, na wateja aliowaogopa wakahamia kwingine. Ndipo alipomwita bwana mifugo, naye akakuta usaha uliokaa muda mrefu.

"Mzee, ungeniita wiki ile, huenda leo angekuwa na mimba."

Ng'ombe akaishia buchani.

Mficha uchi hazai, walisema wahenga.

Basi, ng'ombe azalie mahali pakavu na safi. Kondo likipita saa 24, mwite mtaalamu. Usilishike bila glovu, hasa mimba ikiwa imetupwa, maana huenda ni brusela, nayo humwambukiza binadamu. Baada ya kuzaa, mpumzishe siku 60 hivi, na usimpeleke kwa dume angali anatokwa na usaha.