Mwongozo Unaoweza Kujibiwa

Mwongozo wa kazi wa kidijitali, unaosomwa kwenye kishikwambi badala ya karatasi iliyobandikwa ukutani, unaweza kuwa na kiungo cha mrejesho kando ya kila hatua. Fundi akikibofya hufunguka fomu fupi ambayo tayari ina namba ya mwongozo, toleo lake na hatua inayohusika. Kwake hubaki kuandika sentensi mbili au kupiga picha. Kiungo hicho kinagusa swali la kale la falsafa: kati ya anayeelekeza na anayetenda, nani hasa anaijua kazi?

Plato alilijibu bila kusita. Katika kitabu cha 10 cha Jamhuri alisema mpiga zumari ndiye ajuaye zumari ipi ni njema, na anayeichonga hana budi kumsikiliza. Zaidi ya miaka 2,200 baadaye Mmarekani Frederick Winslow Taylor alishika njia nyingine. Katika kitabu chake cha mwaka 1911 kuhusu usimamizi wa kisayansi, kupanga kulikuwa kwa uongozi na kutekeleza kwa mfanyakazi. Haki isemwe, hata Taylor alitaka mfanyakazi ahimizwe kupendekeza, ila kupima na kuamua kubaki kwa wakubwa. Viwanda vingi bado vinaishi na mgawanyo huo, na kiungo cha mrejesho kimepachikwa juu yake.

Chukua hatua ya 7 ya mwongozo wa kufunga pampu: "Kaza boliti nne." Mhandisi aliichora kwenye kompyuta, ambako mkono hauhitaji nafasi. Fundi anagundua kwamba spana haiingii mpaka kifuniko kitolewe, na kifuniko kinatolewa kwenye hatua ya 8. Yeye hubadilisha mpangilio kimyakimya, kazi inakwenda, na mwongozo unabaki na kosa lake. Kiungo kikiwa palepale kwenye hatua ya 7, ujuzi huo hupata mlango kabla haujasahaulika. Lakini huenda mhandisi alikuwa na sababu ya kuchelewesha kifuniko, pengine kuzuia vumbi lisiingie, ambayo fundi hakuandikiwa. Hapo mfano wa zumari unapungukiwa: katika karakana kila upande unajua kitu ambacho mwenzake hakijui.

Kuna pia ujuzi usioandikika. Mwanafalsafa Gilbert Ryle, mwaka 1949, alitofautisha kujua kwamba jambo liko hivi na kujua namna ya kulitenda. Mwanafalsafa mwenzake Michael Polanyi akaongeza kwamba sehemu kubwa ya ujuzi haisemeki. Sauti ya beringi inayokaribia kufa haiingii kwenye alama ya nyota tano. Fomu inayoomba nyota tu hupima hisia na kuacha maarifa nje, kasoro kubwa kuliko wabunifu wengi wa mifumo hii wanavyokubali. Picha, au video fupi yenye sauti, husaidia zaidi.

Suala zito zaidi ni la haki. Mwanafalsafa Miranda Fricker, katika kitabu chake cha mwaka 2007, alieleza dhuluma anayofanyiwa mtu neno lake linaposhushwa thamani kwa sababu ya dhana potofu kuhusu kundi lake. Kibarua anayetuma mrejesho kwa jina anaweza kuonekana mlalamishi. Akituma bila jina, hakuna wa kumuuliza zaidi wala wa kumshukuru. Toyota, iliyoanza mpango wa mapendekezo ya wafanyakazi mwaka 1951, inampa pia mtu wa kwenye laini ya uzalishaji kamba ya kuvuta: kiongozi wa timu huja alipo, na tatizo lisipotatuliwa kwa wakati laini husimama. Kamba hiyo inamdai mtu mwingine aje. Kiungo hakimdai yeyote, isipokuwa taasisi iweke mtu mwenye jina wa kujibu kila mrejesho, kwa muda uliowekwa, na kueleza sababu hata pale pendekezo linapokataliwa.